Kabla ya Kupima Neva Zilizokufa, Pimeni Kinachoziua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya;
Kwa wajumbe wa kamati inayoandaa Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu;
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Mbarali; Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), Arusha.



Nawaandikia kutoka Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, mji ambao wengi wenu mmeupita kwa pembeni mkiwa kwenye barabara kuu ya TANZAM, macho yakiwa Mbeya au Tunduma. Mimi ni mtaalamu wa maabara mstaafu. Siku hizi nalima mpunga kama jirani zangu, lakini masikio bado yako maabara, na habari za vipimo vipya vya damu vya kugundua uharibifu wa mishipa ya fahamu hazikunipita. Vijana niliowahi kuwafundisha kushika hadubini wananitumia makala kwenye simu na kuniuliza: mzee, hiki kitatufikia lini?

Jibu langu ni barua hii, na nadhani si jibu walilolitarajia. Nawaomba msikilete bado kwenye huduma za kawaida. Kuna vipimo vingine vya damu, vya zamani na visivyo na sifa magazetini, ambavyo vingeokoa neva za watu wa Mbarali kabla hazijaanza kuvunjika, na hivyo ndivyo tunavyovikosa.

Nianze kwa kukitendea haki kipimo chenyewe. Ndani ya kila uzi wa neva mna protini zinazoushikilia uzi usilegee. Mojawapo inaitwa nyurofilamenti nyepesi, kwa kifupi NfL. Uzi ukikatika au kuoza, protini hiyo huvuja, kwanza kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha kidogo sana kwenye damu. Hicho kidogo hupimwa kwa pikogramu, yaani sehemu ya trilioni ya gramu, ndani ya mililita moja. Kwa miaka mingi ilibidi mgonjwa achomwe sindano ya mgongoni ndipo protini hiyo ionekane. Mashine za kizazi kipya, kama zile za Simoa za kampuni ya Quanterix, zimeweza kuihesabu kwenye damu iliyotolewa mkononi. Amsterdam leo daktari anaweza kuagiza NfL kwenye fomu ya maabara na majibu yakarudi. Aprili 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa utaratibu wa haraka dawa ya tofersen, ya wagonjwa wachache wenye aina ya kurithi ya ugonjwa wa ALS unaoua neva za misuli, na ushahidi uliotegemewa ni kushuka kwa NfL katika damu yao. Mtu aliyeshika pipeti maisha yake yote hawezi kusoma habari hiyo asifurahi.

Lakini NfL inasema jambo moja tu: neva zinavunjika. Haisemi neva zipi, wala haisemi nani anazivunja. Hupanda kwa aliyepata kiharusi, kwa aliyeanguka na pikipiki akapiga kichwa, kwa mgonjwa wa ALS, na kwa baadhi ya wenye kisukari. Hupanda kwa uzee peke yake, na figo zikishindwa kazi hupanda pia. Kwa mtu mnene huonekana chini kuliko ilivyo. Viwango tunavyoambiwa ni vya kawaida vimetokana kwa sehemu kubwa na damu za watu wa Ulaya na Marekani. Sasa mleteni mbele yangu mama wa Ubaruku, hapa wilayani kwetu, mwenye umri wa miaka 55, mwenye ganzi ya miguu, presha ya muda mrefu na figo ambazo hakuna aliyewahi kuzipima. Namba ya NfL ikirudi iko juu, daktari wa zamu atafanya nini nayo? Ataandika rufaa. Na Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, wataanza kwa kuuliza sukari.

Kwenye jambo hili la kutafuta kinachoua neva nchi yetu ina historia yake, na naona haya kwamba tunaisahau. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walianza kupooza miguu ghafla. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa, hawezi kutembea bila fimbo, na hali hiyo haikuondoka tena. Ugonjwa huo ni konzo. William Howlett, Nicholas Mlingi, Hans Rosling na wenzao waliuchunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Kilichowasaidia kwenye damu kilikuwa thiosianati, mabaki ambayo mwili hutengeneza unapojaribu kuivunja sianidi, na ilikuwa imepanda. Sianidi ilitoka kwenye muhogo mchungu ambao familia zenye njaa zilikuwa zikiuandaa kwa haraka kuliko desturi. Thiosianati haikueleza neva imeumia kiasi gani, kwa sababu hilo lilionekana kwa macho. Ilielekeza kidole jikoni. Neva ya konzo ikishakufa hairudi, kwa hiyo kipimo chenye faida kilikuwa kile kilichomfaa jirani ambaye bado anatembea.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumbani. Nyanda za Juu Kusini tumebeba mzigo mkubwa wa VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Wenzangu waliofanya kazi kwenye kliniki za huduma na matibabu ya VVU (CTC) miaka ya mwanzo wanakumbuka dawa ya stavudini. Iliokoa maisha ya wengi, na wengi wa hao hao ikawaachia miguu inayowaka moto usiku, mtu hawezi kuvumilia hata shuka juu ya vidole. Shirika la Afya Duniani lilianza kwa kushauri dozi ipunguzwe, na mwishoni mwa 2009 likashauri nchi ziachane nayo. Wagonjwa walikuwa wameshasema, kwa mdomo wao, miaka kadhaa kabla. Hakukuwa na upungufu wa kiashiria. Aliyeeleza kwamba miguu inamuungua alijibiwa kwamba ni kawaida, avumilie. Naweka mfano huu hapa kwa sababu nakiogopa kipimo ambacho kitampa mhudumu kisingizio cha kutosikiliza.

Turudi Mbarali, kwenye majaruba ya mpunga. Utafiti wa STEPS wa 2012, uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ulikuta takribani asilimia 9 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda. Mkulima wa mpunga mwenye sukari asiyoijua yuko kwenye hatari ambayo mwenye sukari wa mjini haijui. Anaingia kwenye tope pekupeku. Anapandikiza akiwa ameinama, miguu majini tangu asubuhi, na humo majini mna visiki vya mpunga wa mwaka jana, vipande vya chupa, mfupa wa samaki na meno ya jembe lililosahauliwa. Mwenye neva nzima hupiga kelele na kutoa mguu. Mwenye ganzi huendelea kupandikiza. Jioni anakuta kidonda hajui kimetoka wapi, na kwa kuwa hakimuumi hakishughulikii. Wengine huambiwa wamekanyaga kitu walichotegewa, wakaenda kuaguliwa wakati kidole kinabadilika rangi.

Zulfiqarali Abbas na wenzake Dar es Salaam walianza kutufundisha kuhusu mguu wa kisukari tangu miaka ya 2000, na mradi wao wa Step by Step ulionyesha kwamba wauguzi wa kawaida wakifundishwa kukagua miguu, ukataji hupungua. Kukagua huko si lazima kuhitaji kifaa. Kuna njia iliyobuniwa hospitali ya Ipswich, Uingereza: mgonjwa anafumba macho, mhudumu anamgusa kwa ncha ya kidole, bila kubonyeza, kwenye vidole vitatu vya kila mguu, kile kikubwa, cha katikati na cha mwisho. Asipohisi viwili au zaidi kati ya sita, neva zake zina shida. Dakika moja, shilingi sifuri. Ukiunganisha na tone la damu kwenye kitepe cha sukari, umepata jibu ambalo NfL peke yake haiwezi kulitoa, maana umejua kuna ganzi na umejua wa kushukiwa.

Tatizo ni kwamba vitepe huisha. Katika vituo nilivyovijua, mashine ilikuwepo na vitendanishi havikuwepo, au vitendanishi vilikuwepo na umeme haukuwepo. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, kingetusaidia sana kwa mgonjwa anayetoka kijijini mara moja kwa msimu, ilimradi daktari akumbuke kwamba kinadanganya kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu au selimundu. Kreatinini ya figo nayo. Na vitamini B12, kwa sababu wagonjwa wetu wa kisukari wanameza metformini miaka nenda rudi, na metformini hushusha B12, na B12 ikishuka inaleta ganzi ile ile inayodhaniwa ni ya sukari. Tofauti ni kwamba ya B12 ina dawa. Nani anapima B12 wilayani? Badala yake mgonjwa anakwenda duka la dawa kununua vidonge au sindano za mchanganyiko wa vitamini B, anazitumia mwezi baada ya mwezi bila mtu kujua kama anazihitaji. Vitamini B6 iliyomo humo ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva. Nimeona watu wakitibu ganzi kwa kitu kinachoweza kuizidisha, na risiti wanayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu.

Mbarali inaishi kwa mpunga, na adui mkubwa wa mpunga ukianza kujaza maziwa ni ndege aitwaye kwelea kwelea. Kundi likishuka shambani, mkulima aliyekopa mbegu na mbolea anaweza kufilisika ndani ya siku chache, kwa hiyo msinielewe kwamba napinga kuwaua. Serikali hutuma ndege kunyunyiza kwenye maeneo wanakolala, jioni wanaporudi. Dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo Tanzania ni fenthioni, ambayo ni ya kundi la oganofosfeti. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana kuiingiza fenthioni ya mkusanyiko mkali kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi lazima itoe ridhaa yake kabla hazijaingizwa. Watu huonywa wasiokote ndege waliokufa. Wapo wanaookota.

Hiyo ni sumu ya angani. Ya ardhini ni ya kila wiki. Kijana anabeba bomba mgongoni, anapiga dawa za wadudu kwenye mpunga, nyanya na vitunguu, analipwa kwa idadi ya mabomba, na dawa nyingi kati ya hizo, profenofosi na klopirifosi zikiwemo, ni za kundi lile lile. Bomba linavuja kiunoni. Barakoa hana, au anayo mfukoni kwa sababu ya joto la bonde letu la Usangu. Akimaliza anakunywa maziwa, akiamini yanaosha sumu. Hayaoshi.

Oganofosfeti hufanya hivi mwilini. Neva inapotaka kuamrisha msuli au tezi, inatoa kemikali iitwayo asetilikolini, na kuna kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi ambacho huivunja mara moja ili amri iishe. Sumu hukishika kimeng'enya hicho. Amri haziishi. Mate, jasho na machozi hutiririka, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, kifua hubana. Akifika katika hali hiyo hospitali, anapewa atropini, na madaktari wetu wanaijua kazi hiyo. Anayetusumbua ni yule ambaye kimeng'enya kimeshuka nusu tu. Anaumwa kichwa, ana kizunguzungu, anatapika kidogo, mwili umelegea. Anapimwa malaria. Ikikutwa, anatibiwa malaria. Isipokutwa, anaambiwa ni taifodi. Kesho kutwa yuko na bomba tena.

Kolinesterasi hupimwa kwenye damu. Kipimo hiki kimekuwepo tangu mimi sijazaliwa kikazi. Ipo ya aina mbili, moja kwenye chembe nyekundu na nyingine kwenye plazma. Ya plazma hushuka haraka na kurudi ndani ya wiki chache. Ya chembe nyekundu hurudi polepole, kadiri mwili unavyotengeneza chembe mpya, na inaweza kuchukua miezi mitatu au minne, kwa hiyo inabeba kumbukumbu ya msimu mzima. Zipo mashine ndogo za mkononi zinazotumia tone la damu ya kidole. Jimbo la California limewawekea wapiga dawa utaratibu huu tangu 1974: mfanyakazi anapimwa kabla ya msimu, halafu anapimwa tena anapofanya kazi. Kikishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake mwenyewe, mwajiri anakagua jinsi kazi inavyofanyika. Cha chembe nyekundu kikifika asilimia 70, au cha plazma asilimia 60, mtu anaondolewa kwenye dawa mpaka kirudi 80. Hasubiriwi aanguke.

Naomba mzingatie maneno hayo, kiwango chake mwenyewe. Watu hutofautiana mno. Mmoja anaweza kupoteza theluthi ya kimeng'enya chake na karatasi ya maabara ikaendelea kusomeka kawaida, kwa sababu alianzia juu. Mwingine amezaliwa na cha plazma kidogo na hajawahi kushika dawa. Ujauzito na ugonjwa wa ini hukishusha pia. Ndiyo maana kupima mara moja, mtu akishaumwa, kunatuambia kidogo sana. Inatakiwa damu ya kabla, baada ya angalau mwezi mmoja bila kugusa dawa. Hapa kwetu mwezi huo upo. Ni Oktoba, mpunga umeshavunwa, vitalu havijaanza, vijana wako mjini wanacheza drafti.

Msiniambie ni mambo ya California. Kenya, Grace Ohayo-Mitoko na wenzake waliwapima wafanyakazi wa mashamba miaka ya 1990, Naivasha na Homa Bay zikiwemo, wakakuta kimeng'enya kimeshuka kwa walioshughulika na dawa. Kwetu Aiwerasia Ngowi, tangu alipokuwa kwenye taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya TPRI, Arusha, ameandika kwa miaka mingi kuhusu wakulima wa kahawa na mboga wa kaskazini na dawa wanazozipiga. Maarifa tunayo, na ni ya watu wetu. Hayajatoka kwenye majarida yakaingia kwenye rejista ya zahanati.

Kuna mwanya mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtambua mfanyakazi aliyeajiriwa. Mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga yanaweza kukaguliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) kwa sheria hiyo. Lakini kijana anayelipwa kwa bomba ameajiriwa na nani? Leo anapiga kwa huyu, kesho kwa yule, keshokutwa kwenye kipande alichokodi mwenyewe. TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, inasimamia dawa. Wizara ya Afya inasimamia mgonjwa. Kati ya dawa na mgonjwa kuna damu, na sijaona aliyekabidhiwa.

Nikiri mipaka ya kipimo hiki, maana sipendi muuzaji asiyetaja kasoro. Kolinesterasi haigusi viua magugu, ambavyo kwenye mpunga ndivyo vinavyotumika kwa wingi. Pia kuna uharibifu wa neva unaotokea wiki mbili tatu baada ya sumu ya baadhi ya oganofosfeti, miguu ikalegea wakati kimeng'enya kimesharudi. Morocco mwaka 1959 watu kama 10,000 walipooza kwa mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na vilainishi vya injini za ndege vyenye kemikali ya jamii hiyo. Hapo ndipo kipimo kama NfL kinaweza siku moja kuwa na kazi yake halali: kumfuatilia mtu aliyekwishapata sumu, kuona kama neva zake zinaendelea kuharibika kimyakimya. Siku hiyo nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Na kuna kipimo kimoja kati ya hivi vipya ambacho ningekipokea hata kesho, nikikiuka ushauri wangu mwenyewe. Ni kile cha protini mbili, GFAP na UCH-L1, zinazovuja ubongo ukitikiswa. Marekani iliruhusu aina ya kwanza mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaruhusu ile inayofanywa kando ya kitanda kwa damu nzima, majibu yakitoka kwa takribani dakika 15, kwa mtu mzima aliyeumia kichwa kidogo ndani ya saa 24. Kikisoma chini, CT scan haihitajiki. Wanaokaa kandokando ya TANZAM hawahitaji kuelezwa kuhusu bodaboda na malori. Kwa hospitali isiyo na CT scan, kujua nani abaki na nani apakiwe kwenye gari la wagonjwa usiku ule ule ni jambo la maisha. Tofauti yake na NfL ni kwamba majibu yanabadilisha uamuzi papo hapo. Hicho ndicho kigezo ninachowaomba mtumie kwa kila kipimo kipya mtakacholetewa na wauzaji, na watakuja, kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imefungua mlango. Kila atakayeweza kuingiza bidhaa yake kwenye kitita cha mafao ataingiza, na fedha za kitita si za kisima kisichokauka.

Mtasema natetea umaskini, kwamba watu wa Rujewa wabaki na vipimo vya bei ndogo wakati wengine wanapewa vya kisasa. Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Nakataa. Mgonjwa wa Amsterdam anayepimwa NfL ameshapimwa sukari, B12, figo na tezi kabla ya hapo, na kama angekuwa mpiga dawa angeshaulizwa kuhusu dawa. NfL kwake ni ghorofa. Mnachotaka kutujengea ni ghorofa hiyo hiyo juu ya kiwanja kitupu.

Ninachoomba ni hiki. Mwongozo wa Matibabu uandike kwa maneno yasiyokwepeka kwamba mtu yeyote anayelalamika ganzi au miguu kuwaka moto aguswe vidole na apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata zahanati, na aulizwe kama anapiga dawa shambani. Bohari ya Dawa ihesabu vitepe vya sukari na vitendanishi vya HbA1c na kreatinini kwa kundi moja na vile vya malaria, visivyoruhusiwa kuisha. B12 isipimwe kila wilaya. Sampuli isafiri. Tulishajifunza kusafirisha matone ya damu kavu ya watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU kutoka vijijini hadi maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na majibu yakarudi. Njia hiyo ipo, dereva anaijua. Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo iko Mbeya.

Kuhusu kolinesterasi, anzeni na Mbarali. Halmashauri ina maofisa ugani wanaowajua wapiga dawa kwa majina, kata kwa kata, Madibira hadi Igurusi. Wapimwe Oktoba, kabla ya vitalu. Wapewe kadi ndogo yenye namba yao, wakae nayo wenyewe. Warudiwe mpunga unapojaza maziwa na dawa zinapopigwa, na tena baada ya ndege ya kwelea kwelea kupita. Atakayeshuka apumzishwe, na hapa ndipo penye ugumu ambao maabara haiwezi kuutatua: kijana anayelipwa kwa bomba hawezi kupumzika bila kula. Halmashauri inakusanya ushuru wa mpunga kwenye kila gunia linalotoka hapa. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingemlipa kwa kazi nyingine, kuzibua mifereji kwa mfano, mpaka damu yake irudi. Madiwani wetu wanaweza kulijadili hilo bila kusubiri Dodoma.

NfL ipelekwe kwanza NIMR Mbeya, ambako watafiti wana friza za baridi kali na uzoefu wa miaka mingi. Plazma ya wapiga dawa hao hao ihifadhiwe, kwa ridhaa yao, na ipimwe NfL pamoja na kolinesterasi. Hapo tutapata viwango vya watu wetu, vijana na wazee, wenye VVU na wasio navyo, wenye figo nzima na mbovu. Baada ya hapo njooni tuzungumze kuhusu kitita.

Ombi la mwisho ni la fundi. Mkikubali, msitume mirija ya damu bila maboksi ya baridi. Kolinesterasi iliyokaa juani kwenye buti la gari kati ya Madibira na Rujewa itasoma chini hata kwa mtu mzima wa afya, na kijana wa watu ataachishwa kazi kwa kosa la dereva.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara mstaafu na mkulima wa mpunga,
Rujewa, Mbarali.